Jina la Mtu Katika Mfano

Hapana kitabu cha sarufi kiwezacho kwenda kurasa mbili bila ya kumwita mtu. Kitenzi hutaka mtendaji, na mtendaji hana budi kuwa na jina. Basi mwandishi humwita Juma apige mpira, Ali asome barua, Asha ateke maji, na Hamisi aanguke mtini. Watu hawa hawazeeki, hawalipwi ujira, wala hawanung'uniki. Nilipokuwa mtoto Juma alikuwa njiani kwenda sokoni, na leo, nami kichwa kimejaa mvi, bado hajafika. Nimewatumia watu hawa maisha yangu yote ya ualimu, wala sikupata kujiuliza kama nina haki ya kuwatuma, mpaka siku moja nilipomtuma mtu asiyekuwa wangu.

Nilikuwa nikifundisha Kiswahili Kitale, na kwa miaka kadhaa ilikuwa kazi yangu kutunga karatasi ya mtihani wa majaribio uliofanywa na shule kadhaa, tangu Kitale kupita Kiminini na Kimilili hata Bungoma. Mwaka mmoja nilihitaji sentensi ambayo wanafunzi wataigeuza kutoka kauli ya kutenda iwe kauli ya kutendwa. Juma na Ali walikuwa wamenichosha. Wafula, Wekesa, Nafula na Nekesa niliwaogopa, kwa kuwa katika kila darasa la upande ule wamo watatu au wanne wenye majina hayo, nami nilichelea kumuudhi mtoto wa mtu. Nikaazimia kutafuta jina lisilokuwa na mwenyewe. Ndipo nilipokumbuka duka moja karibu na Kamukuywa, lililofungwa siku nyingi, ambalo juu ya mlango wake lilikuwapo jina la ukoo lililoandikwa kwa rangi iliyopauka. Jina hilo sikupata kulisikia mahali pengine popote. Tena lilikuwa na sauti ya ng' katikati yake, ambayo wanafunzi wengi husahau kuitia alama. Nikaona nimeokota lulu. Nikaandika kwamba fulani ameiba kuku wa jirani, nikawataka wanafunzi waanze sentensi kwa kuku. Jina lenyewe silitaji hapa, na msomaji ataiona sababu yangu kabla hajafika mwisho.

Baada ya majuma matatu mzee mmoja alinijia shuleni. Alikuwa ametoka Bungoma kwa matatu, naye amevaa koti zito ingawa jua lilikuwa kali. Aliniamkia, "Mulembe, mwalimu," nami nikamwitikia nikampa kiti. Hakuwa na haraka. Aliuliza habari za mvua, akasifu mahindi ya Trans Nzoia aliyoyaona njiani, kisha akatoa mfukoni karatasi yangu ya mtihani iliyokunjwa mara nne, akaikunjua juu ya goti lake, akaweka kidole penye sentensi ya tano.

"Huyu ni nani?" akauliza.

Nikamjibu kwamba huyo si mtu. Ni mfano tu.

"Ni mjukuu wangu," akasema. "Yuko kidato cha pili. Katika shule yake nzima jina hili analo yeye peke yake. Tangu siku ya mtihani anaitwa Kuku. Juma lililopita alirudi nyumbani na sanduku lake."

Nilifanya kama wafanyavyo walimu wanapobanwa: nilianza kumfundisha. Nilimweleza kwamba sentensi ya mfano haidai jambo lolote. Mtu akisema sokoni kwamba fulani ni mwizi, amedai, na hupaswa kuleta ushahidi; lakini aandikaye sentensi ili igeuzwe kauli hadai kitu, kama mtoto achoraye nyumba mchangani asivyodai kwamba ana nyumba. Hapakuwa na kuku, nikasema, hapakuwa na jirani, wala hapakuwa na wizi.

"Kama hapakuwa na kuku," akasema mzee, "mjukuu wangu amelipata wapi jina la Kuku?"

Sikuwa na jibu. Yeye akaendelea kwa upole, kama mtu amwelezaye mtoto njia. "Mwalimu, ungaliandika kwamba Wafula ameiba, watu wangaliuliza, Wafula yupi? Na swali hilo lingaliwakinga Wafula wote. Wewe umeandika jina letu. Hapakuwa na la kuuliza."

Maneno hayo nimeyafikiri miaka mingi, na kila niyafikiripo nayaona yana kina zaidi. Kwa Wabukusu wa Bungoma na Trans Nzoia majina mengi hutoka katika majira. Wafula ni wa wakati wa mvua, Wekesa wa mavuno, Wanyonyi wa palizi, Simiyu wa kiangazi, na Wanjala wa njaa. Wasichana nao huitwa Nafula, Nekesa, Nasimiyu na Nanjala. Mvua hainyeshei nyumba moja, kwa hiyo akina Wafula ni wengi mno. Nimepata kuona, katika dawati moja la Kitale, Wafula, Kiprop na Okoth wakishirikiana kitabu kimoja. Wa kwanza Mbukusu, wa pili Mkalenjini, wa tatu Mjaluo, na majina yote matatu yanatoka katika mvua. Jina la namna hii ni kama mwavuli mpana: aliye chini yake huonekana miguu tu. "Yupi?" ni mlango wa nyuma ambao mtu mwema aweza kutokea kila jambo baya linapoletwa juu ya jina lake. Jina adimu halina mlango huo. Lina mtu mmoja, au nyumba moja, na alitajaye amekwisha kuonyesha kwa kidole.

Hapo ndipo kosa langu lilipokuwa, nalo lilikuwa kosa la fikira kabla halijawa kosa la adabu. Nilidhani kwamba jina nisilolijua mimi ni jina lisilo na mwenyewe. Nilipima upana wa dunia kwa upana wa masikio yangu. Tahadhari ileile iliyonifanya nimkimbie Wafula, ambaye angaliweza kustahimili, ndiyo iliyonipeleka kwa mtoto asiyekuwa na mahali pa kujificha.

Wako watakaosema kwamba mzee na mimi sote tulilipa jina uzito usio wake. John Stuart Mill, mwanafalsafa Mwingereza, katika kitabu chake cha mantiki kilichotolewa mwaka 1843, alifundisha kwamba jina la mtu au la mahali ni alama tu. Humwonyesha mwenyewe, lakini halisemi lolote juu ya sifa zake. Mfano wake ulikuwa mji wa Dartmouth, ambao jina lake maana yake ni kinywa cha mto Dart. Hata mchanga ukiziba mto, au tetemeko likiuhamisha, mji hautapoteza jina lake. Nasi twaweza kumwongezea ushahidi wa kwetu: Wanjala ambaye ghala zake zimefurika mahindi bado ni Wanjala, na Wafula hageuki kuwa Simiyu mvua inapokatika. Katika hilo nakubaliana na Mill. Lakini tazama, msomaji, hoja yake inamwelekea nani. Ikiwa jina halina kazi nyingine ila kuonyesha, basi haliwezi kuacha kuonyesha kwa sababu tu mwandishi ametangaza kwamba anatoa mfano. Hiyo ndiyo kazi yake moja. Mwandishi aweza kujivua dai lake, kwamba hakusema kweli wala uongo. Hawezi kulivua jina mtu wake.

Hapa niseme neno la kando juu ya lugha yetu, kwa kuwa Kiswahili kina namna yake ya kumtambua mtu. Tanzania uko mto uitwao Simiyu, na mkoa ulioundwa mwaka 2012 ukachukua jina la mto huo. Mtu akisema, "Simiyu umekauka," twajua kuwa anasema habari za mto. Akisema, "Simiyu amekauka," twamhurumia jirani yetu wa Bungoma. Kiambishi kimoja kimemtoa mtu katika maji. Walakini sarufi haifiki mbali. Michael Kijana Wamalwa, mbunge wa Saboti karibu na Kitale, ambaye alikuwa Makamu wa Rais wa Kenya mwaka 2003 mpaka kufa kwake mwezi wa Agosti mwaka huohuo, alikuwa na jina ambalo kila mtoto wa shule hulitumia bila ya kumkusudia. "Kijana amechaguliwa": ni yeye, au ni kijana yeyote? Kiambishi ni kilekile, na mwanzoni mwa sentensi hata herufi kubwa haisaidii. Twarudi palepale kwa mzee: yupi?

Yuko mwanafalsafa mwingine ambaye sikumjua siku ile, nami natamani ningalimjua, si kwa kujitetea bali kwa kujifahamu. Mwezi wa Januari mwaka 1970 Saul Kripke alitoa mihadhara mitatu katika Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, juu ya jinsi majina yanavyowashika wenyewe. Alitaka kuonyesha kwamba jina huendelea kumwonyesha mtu wake hata kama yote tuyajuayo juu ya mtu huyo ni uongo. Akahitaji mfano. Akamchukua Kurt Gödel, mwanahisabati aliyesifika ulimwenguni kwa uthibitisho wake uliochapishwa mwaka 1931, akawaambia wasikilizaji wafikiri kwamba kazi ile ilifanywa na mtu mwingine aitwaye Schmidt, na kwamba Gödel alijitwalia tu sifa yake. Yaani ameiba kuku wa jirani. Haya yalikuwa ni kubuni matupu, na Kripke alisema hivyo waziwazi. Lakini Gödel mwenyewe alikuwa hai, tena alikuwa akiishi katika mji uleule wa Princeton, ambako alifariki mwaka 1978. Na Kripke alitia mzaha kwamba anatumaini profesa huyo hayumo ukumbini.

Ndani ya mzaha ule liko ungamo. Kama sentensi ya mfano haimgusi mtu, kwa nini uchungulie viti kwanza? Walakini naona tofauti mbili kati ya Kripke na mimi. Yeye alilihitaji jina lile kwa sababu lilikuwa na mwenyewe. Hoja yake isingalisimama kwa jina tupu. Mimi nilihitaji sauti ya ng' tu, ambayo ningaliipata katika ng'ombe. Na Gödel alikuwa amezungukwa na sifa zake kama boma. Aliyesikia habari ya Schmidt alijua habari nyingine mia moja juu yake. Mtoto wa kidato cha pili hana boma. Wengi katika shule ile hawakujua lolote juu yake isipokuwa sentensi ya tano.

Je, tuyaache majina kabisa? Wanasheria walijaribu. Kanuni ya Adhabu ya Uhindi ya mwaka 1860, ambayo ilitumika Kenya pia katika zama za ukoloni mpaka mwaka 1930, imejaa mifano ya wezi na wauaji, na wote ni herufi: A humwibia Z, A humchoma Z kisu, na Z siku zote ni maskini wa Mungu. Kwa sheria inafaa, maana sheria hutaka kumwona kila mtu na kutomwona yeyote. Kwa lugha haifai. Herufi haiumwi na jino wala haichelewi kurudi nyumbani, na mwanafunzi asomaye habari zake husinzia. Wanasarufi wa Kiarabu walichagua njia nyingine. Kwa zaidi ya miaka elfu moja Zaydi amekuwa akimpiga Amri katika vitabu vyao, na mtoto wa madrasa wa Lamu au Unguja aliyeingia katika sarufi amekutana nao. Zamani majina hayo yaliwaenea watu, hata yakawa kama si ya yeyote. Na bado wanafunzi huulizana kwa mzaha, Amri alikosa nini? Swali hilo hunifurahisha. Laonyesha kwamba hata mfano uliochakaa hivyo haukumfuta kabisa mtu aliyemo ndani yake.

Wala nisifahamike kwamba jina lililoenea laweza kutupiwa kila kitu. Katika michezo ya kuchekesha ya Kenya mara ngapi askari wa kulinda lango, au mpishi, huitwa Wafula, na mara ngapi mlafi huitwa Wanjala! Nami nimewasikia walimu wakiandika ubaoni, "Wanjala ana njaa," wakangoja darasa licheke. Kila mmoja wa akina Wafula hubeba sehemu ndogo tu ya dhihaka hiyo, kwa kuwa wako wengi wa kuibeba. Lakini dhuluma iliyogawanywa hivyo hudumu siku nyingi kuliko ile niliyoitenda mimi, kwa sababu hapana mzee mmoja awezaye kupanda matatu kuja kulalamika kwa niaba ya Wafula wote.

Mzee wangu alikuja kwa niaba ya watu kumi na mmoja. Ndivyo alivyoniambia nilipomwuliza ukoo wao una watu wangapi. Jina lilikuwa la baba yake. Halikuwa jina la ukoo hata kidogo, alisema, ila la mtu mmoja. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika iliwekwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ikawalazimisha wanaume wote waliopita miaka kumi na sita kuchukua kipande. Na baba yake alipokwenda kutafuta kazi katika mashamba ya walowezi ya Trans Nzoia, karani aliandika alichosikia. Tangu hapo wanawe walifuata karatasi. Lakini kabla ya karatasi jina lile lilikuwa limetoka kwa marehemu aliyetangulia, kama ilivyo desturi ya Wabukusu kuwapa watoto majina ya wazee waliokufa ili wasipotee. "Kwa hiyo," akasema, "hukumwita mtoto mwizi peke yake. Umewaita na wengine walio kimya."

Nilimwomba radhi. Nikamwambia kwamba nitaziandikia shule zote jina lile lifutwe, na mahali pake paandikwe Wafula.

Mzee akacheka kwa mara ya kwanza. "Wafula ni mkwe wangu," akasema. Kisha akaongeza kwamba jina likifutwa watu watauliza kwa nini limefutwa, na kufutwa kutakuwa sentensi ya pili, mbaya kuliko ya kwanza. Nikamwuliza kama nimsifu basi. Katika mtihani ujao naweza kuandika kwamba fulani amejenga shule, au kwamba amemwokoa mtoto asizame katika mto Nzoia. Alitikisa kichwa. "Hatukujenga shule," akasema. "Watoto watacheka tena. Tutie pamoja na watu wengine, mwalimu. Tununue chumvi."

Sikumfahamu mara moja. Nilidhani kwamba dawa ya lawama ya uongo ni sifa. Yeye aliona kwamba sifa ya uongo nayo humtenga mtu na wenziwe, ikamsimamisha peke yake katikati ya uwanja ili atazamwe. Alitaka jina lake lipewe kile ambacho Juma na Ali wamepewa bure tangu vitabu vianze kupigwa chapa: kwenda sokoni na kurudi bila ya mtu kugeuka kutazama. Na hilo, nilipolifikiri, lilikuwa ombi kubwa kuliko nilivyodhani, kwa sababu jina adimu haliwezi kuzoewa kwa kufichwa. Huzoewa kwa kutumiwa katika mambo madogo mara nyingi.

Mtoto alirudi shuleni kabla ya muhula kwisha. Jina la Kuku lilichukua muda kumtoka. Mwenye kulifuta hakuwa mimi, alikuwa msichana mpya aliyekuja na jina la ajabu zaidi, nami sikuona fahari katika hilo. Muhula uliofuata nilitunga sentensi moja ya kukanusha, kwamba fulani alikwenda Kitale akanunua chumvi. Kabla ya kuipeleka kupigwa chapa nilimpelekea mzee nakala kwake, Bungoma. Aliisoma mara mbili kwa sauti ndogo, akaikunja mara nne kama ile ya kwanza, akauliza ni chumvi kiasi gani. Nilikuwa sikuandika. Tukapatana kilo mbili.